Simu Ifunge Kompyuta, Isiifungue

Hotuba kwa makarani, mawakala wa forodha na wenye ofisi ndogo ndogo, Mombasa

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kuacha kazi zenu na kuja kusikiliza mambo ya kompyuta mchana wa joto kama huu.

Nina neno moja, nalitanguliza ili anayewahi feri ya Likoni aondoke nalo. Simu uliyo nayo mfukoni inaweza kukufungia kompyuta yako kila unapoinuka mezani, bila wewe kugusa kitu. Ni jambo jema, na wengi wenu halitawagharimu hata senti. Lakini simu hiyo hiyo msiipe ruhusa ya kuifungua. Ifunge, isiifungue. Yote yatakayofuata ni kueleza kwa nini nasema hivyo.

Tutazame kwanza ofisi zetu zilivyo. Ofisi za mji huu hukaa wazi, joto latulazimisha. Mlango umeegeshwa tofali usijifunge, madirisha yako wazi, feni inazunguka, na anayepita barazani huona hadi kalamu iliyo mezani. Tena sisi ni watu wa kuitana. Karani wa ofisi ya kuklia mizigo anajaza hati za forodha, mara dereva wa lori anampigia kelele kutoka barabarani kwamba kontena limezuiwa getini. Anainuka mbio. Dada wa mapokezi kwenye zahanati ana majina na maradhi ya watu kwenye skrini, anamwona mzee anashindwa na ngazi. Anainuka kumshika mkono. Mwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, ana akaunti ya kodi ya iTax ya mteja iko wazi, muuza kahawa anagonga vikombe mlangoni. Naye anainuka. Hakuna mzembe hata mmoja hapo. Wameinuka kwa sababu ni watu na wanaishi na watu, na sitaki tujenge ofisi ambazo mtu akiitwa haitiki.

Sasa skrini imebaki wazi. Watu wengi hudhani anayekuja kuiba atakaa chini, apekue mafaili, anakili vitu, na kwa hiyo lazima ataonekana. La. Aliye na nia mbaya na anayejua anachotaka anakwenda kwenye mipangilio ya barua pepe yako. Kuna sehemu ya kuandika anwani ambayo kila barua inayoingia ipelekewe nakala. Anaandika yake, anahifadhi, anafunga ukurasa, anaondoka. Ukirudi, kila kitu kiko vile vile ulivyokiacha, hata kishale cha kipanya kiko palepale. Kuanzia siku ile yeye anasoma ankara zako zote. Siku moja mteja wako aliye Dubai au Guangzhou anapokea barua yenye nembo yako, mtindo wako wa kuandika na nambari sahihi ya kontena, ikimwambia kwamba akaunti ya benki imebadilika. Analipa. Pesa hazirudi. Na mlango alioingilia ni ile safari yako ya kwenda kumwona dereva wa lori.

Sheria iko, na mnaijua. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamhukumu yeye aliyeingia bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hiyo inakutazama wewe uliyekabidhiwa habari za watu. Habari hizo zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe, una saa 72 tangu kujua kumwarifu Kamishna wa Data. Saa 72 ni chache sana kwa ofisi ambayo haijui hata nani alikaa kwenye kiti cha karani.

Ndiyo maana siridhiki na mafunzo yanayomwambia mfanyakazi akumbuke kufunga kompyuta, kisha basi. Kufunga kwenyewe si kazi. Kwenye Windows unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L, skrini inajifunga papo hapo. Kwenye Mac ni Control, Command na Q kwa pamoja. Jifunzeni, vidole vizoee, na kuanzia kesho mfanye hivyo. Ila tusijidanganye: dakika unayotakiwa kukumbuka ndiyo dakika ambayo akili yako yote iko kwa anayekuita.

Wengine wanategemea saa ya kompyuta, ijifunge ikikaa bila kuguswa. Ukiweka dakika 15, umempa mgeni dakika 15. Ukiweka dakika moja, inakufungia ukiwa unasoma mkataba mrefu, na haitapita wiki utakuwa umeizima kwa hasira. Nimeyaona hayo katika ofisi nyingi. Saa haijui kama umeondoka au umetulia.

Hapo ndipo simu inapoingia. Simu huwa na mwenyewe, naye akiondoka huondoka nayo. Wazo lenyewe si geni. Watu wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta kama ilivyo Windows, walikuwa na programu iitwayo BlueProximity miaka mingi iliyopita: unaichagulia simu yako, unaweka kipimo cha umbali na idadi ya sekunde, na ukipita hapo kompyuta inajifunga. Mwaka 2017 Microsoft waliliingiza jambo hilo ndani ya Windows 10 kwa jina la Dynamic Lock, na limo hadi leo kwenye Windows 11. Wenye Mac wana programu za watengenezaji wengine zinazofanya kazi hiyo.

Ninyi wengi mna Windows, kwa hiyo nitaeleza hiyo. Washa Bluetooth kwenye simu na kwenye kompyuta, uziunganishe zitambuane. Fungua mipangilio ya Windows, ingia upande wa akaunti, kisha sehemu ya njia za kuingia. Teremka mpaka uone Dynamic Lock, weka alama kwenye kisanduku chake. Umemaliza. Ukitoka na simu yako ukafika mahali ambapo mawimbi ya Bluetooth hayafiki, kompyuta itajifunga baada ya dakika moja hivi, mradi hakuna anayeigusa.

Nimesema ukifika mahali ambapo mawimbi hayafiki. Sikusema ukifika hatua kumi. Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu asiyelielewa hili ataiamini simu kupita kiasi, kisha ataichukia.

Tazameni ukutani. Nambari mnayoiona ni nguvu ya mawimbi ya simu hii kama laptopu inavyoyapokea, kwa desibeli. Ni nambari hasi, na kadiri inavyoikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi. Nimeinyoosha simu mkononi, mbele ya laptopu: hasi hamsini na kitu. Sasa sisogei hata hatua. Naigeuzia laptopu mgongo tu, simu naikumbatia kifuani. Mmeona? Imeanguka mpaka hasi sitini na kitu, na bado inachezacheza. Mwili wangu umejaa maji, na maji huyameza vizuri mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth. Mahali peupe pasipo na kuta, umbali ukiongezeka mara mbili, mawimbi hupungua desibeli 6. Yakipungua desibeli 10, kwa hesabu hiyo ni sawa na umbali kuongezeka mara tatu na zaidi kidogo. Kwa hiyo laptopu hii, kama ingekuwa inakisia umbali, ingesema nimeshatoka nimefika pale kwenye viti vya katikati, nami niko palepale.

Ni sawa na kusikiliza adhana ukiwa nyumbani. Siku ya kaskazi unaisikia kama iko dirishani, siku nyingine inafifia, na msikiti haujahama. Kompyuta inachopima ni ukali wa sauti ya simu. Umbali inaukisia tu.

Katika mji wetu jambo hili lina sura mbili. Wale wenye ofisi Mji wa Kale, ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenu zina unene wa karibu nusu mita. Ukitoka chumba kimoja kuingia kingine, mawimbi yamekwisha nguvu, na kompyuta inajifunga kabla hujafika ngazini. Kwenu nyinyi chombo hiki kitafanya kazi vizuri ajabu. Walioko kwenye majengo mapya ya Moi Avenue au Nyali, vyumba vimegawanywa kwa vioo na mbao nyepesi, mambo ni tofauti. Simu ya kawaida hutarajiwa kufika mita 10 hivi, lakini mahali peupe hufika mbali zaidi. Unaweza kwenda jikoni, ukachemsha chai, ukazungumza na jirani, na kompyuta yako iko wazi muda wote huo, inaamini uko nayo. Na yule wa saiba ya chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi na mbili asitarajie kitu: hata akisimama mlangoni na muuza kahawa, bado yuko ndani ya mawimbi. Yeye akazanie kitufe cha Windows na L, na saa ya dakika mbili au tatu.

Kwa hiyo ukishaweka, ijaribu. Usiniamini mimi wala usiamini karatasi ya maelezo. Mwache mwenzako akae mbele ya skrini yako, wewe utoke na simu uende kule unakokwenda kila siku: chooni, msikitini, kwa mangi wa vocha, getini. Akwambie ilijifunga ulipofika wapi. Nenda na simu ikiwa mfuko wa mbele, kisha rudia ikiwa mfuko wa nyuma au ndani ya mkoba. Hapo utajua ofisi yako inavyofanya, na hakuna anayeweza kukujulia hilo kwa mbali.

Kuna mama hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, akasema, mwanangu, mimi simu yangu hushinda kwenye chaji mezani, naondoka naiacha. Mama, umegusa penyewe. Simu ikibaki mezani, kwa kompyuta wewe hujaondoka. Lakini nimekuona una kabambe pia, ile ndogo ya kupigia, nayo haikutoki mkononi. Baadhi ya kabambe zina Bluetooth. Windows inachotafuta ni kifaa kinachojitambulisha kuwa ni simu, haidai iwe ya bei kubwa. Jaribu kuiunganisha hiyo, halafu ufanye lile jaribio la kutoka. Ikikubali, umepata mlinzi asiyebaki mezani.

Akaniuliza pia, je, ikizima chaji? Kompyuta itaona mawimbi yamekatika, na kama hukuigusa kwa muda kidogo, itajifunga. Wewe umekaa palepale, unaandika neno lako la siri, unaendelea. Umepoteza sekunde tano. Na hapa ndipo mwenye kusikiliza vizuri anaona kiini cha maneno yangu ya leo. Tumeshakubaliana kwamba mawimbi hukisia, na hukosea. Swali ni makosa hayo umlipishe nani. Simu ikiwa na kazi ya kufunga peke yake, ikikosea kwa kufunga mapema, wewe unaudhika kidogo. Ikikosea kwa kuchelewa, umebaki pale pale ulipokuwa kabla ya kuiweka. Lakini ukiipa kazi ya kufungua, siku inapokosea imemfungulia mtu mwingine. Wewe uko barazani unakunywa kahawa, ukuta ni mwembamba, simu iko mfukoni mwako, na kompyuta inamwambia aliyeketi kwenye kiti chako: karibu.

Tena hilo ni kosa la bahati mbaya tu. Liko la makusudi. Watu wawili, kila mmoja na kifaa chake. Mmoja anasimama karibu nawe sokoni Marikiti, mwingine yuko karibu na kompyuta yako. Kifaa cha kwanza kinapokea mawimbi ya simu yako, kinayarusha hadi kwa cha pili, nacho kinayasema upya mbele ya kompyuta. Kompyuta inasikia simu yako, siri zote za utambulisho ni sahihi kwa sababu kweli zinatoka kwenye simu yako, na haina habari kwamba wewe uko kilomita nzima kutoka hapo. Hakuna aliyevunja neno la siri. Hii si hadithi: mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya NCC Group walionyesha kwamba kwa njia hiyo walifungua gari la Tesla Model 3 linalotumia simu kama ufunguo. Kama gari la thamani ile lilidanganyika, sembuse programu ya bure uliyopakua jana.

Niutendee haki upande wa pili. Si kila kufungua kwa ukaribu ni kubovu. Apple, tangu mwaka 2016, wanaruhusu saa yao ya mkononi ifungue Mac, lakini saa lazima iwe imevaliwa na iwe imefunguliwa kwa siri yake, na umbali haupimwi kwa ukali wa mawimbi. Hupimwa kwa muda ambao mawimbi hutumia safarini. Mawimbi husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na huwezi kuyaharakisha. Ukiyapitisha kwa watu wa kati unayachelewesha, na ucheleweshaji huo ndio unaokuumbua. Simu za bei ya juu zimeanza kuwa na redio ya aina hiyo tangu 2019, na Bluetooth toleo la 6.0, lililotoka 2024, limeleta njia yake ya kupima umbali kwa uangalifu zaidi. Itafika siku vitu hivyo vitakuwa ndani ya simu tunazonunua Mwembe Tayari, na siku hiyo nitakuwa tayari kulijadili upya. Kwa simu na kompyuta zilizomo ofisini mwenu leo, nasema hapana. Watengenezaji wa Windows nao waliifanya Dynamic Lock ifunge tu, na nadhani walifanya jambo la busara.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Kufunga skrini bila neno la siri, au kwa neno lililobandikwa kwenye kioo, ni sawa na kutofunga. Makarani wawili wanaotumia kompyuta moja kila mmoja awe na akaunti yake. Na simu ya Android iliyozeeka, ambayo haijapata masasisho ya usalama tangu kabla ya Septemba 2017, isiachwe Bluetooth ikiwaka kutwa, kwa sababu mwaka ule ulifichuliwa udhaifu ulioitwa BlueBorne uliowezesha mtu aliye karibu kuingia kwenye kifaa bila hata kuunganishwa nacho. Zilizosasishwa zilizibwa.

Na sasa nasema na mabosi, nao waniwie radhi. Mkishajua kwamba kompyuta inaweza kuhisi simu ya mfanyakazi, msianze kuitumia kumhesabia dakika alizokaa chooni. Simu ni yake, aliinunua kwa pesa zake, na ameikubali iunganishwe ili kulinda kazi yenu. Habari za alipokuwa mtu ni habari zake, na Sheria ile ile ya 2019 inamlinda yeye kama inavyomlinda mteja. Nimeiona tamaa hiyo kwenye nyuso za baadhi ya wakubwa mara tu niwaelezapo chombo hiki, na kila mara huwaambia kwamba siku mfanyakazi atakapohisi anachungwa, ataiacha simu mezani, na ulinzi wote umekwisha. Mkitaka ifanye kazi, mkae nao, muwaeleze inafanya nini na haifanyi nini, na anayekataa kuunganisha simu yake apewe njia nyingine bila kutazamwa kwa jicho baya.

Tunayo saa moja kabla ya adhuhuri. Vijana wa ufundi wamekaa meza ile ya karibu na dirisha. Wenye laptopu waanze, kwa sababu karibu zote zina Bluetooth ndani. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth aandikishe jina, kuna kijiti kidogo cha USB kinachoiongezea. Kila mtu aje na simu yake ikiwa na chaji, afungue mipangilio kwa mkono wake mwenyewe, na neno lake la siri aliandike mwenyewe, sisi tukiwa tumegeuka. Ukishaweka alama kwenye kile kisanduku, inuka na simu yako, toka kwa mlango huu, shuka ngazi mpaka chini ya mwembe, na mwenzako akwambie ilijifunga ulipofika wapi.